Namna ya kupanga siku ya michopo na tombola ya klabu yenu hapa Lubumbashi, na feza ibakie kweli

Bandugu, hii mwongozo ni ya batu ba klabu za kusaidia jamii, ikuwe Rotary, ikuwe Lions, ikuwe Kiwanis, ama bale bavijana ba Rotaract na ba Leo, ama hata kikundi ya bamama ba avenyi moja benye balianza na likilimba (kuchangiana feza kwa zamu) kisha bakasema sasa tufanye na kitu ya kusaidia bengine. Kazi ni ileile: munatafuta feza kwa batu, munaenda kuitumia kwa batu.

Tunaonaka soare nyingi hapa mujini. Klabu inalipa sale ya hoteli, batu banavala vizuri, picha zinapigwa, sono inalia mpaka usiku wa manane, kisha kesho yake trezorie anakaa na karatasi yake anatafuta ile feza ya mapupitri ya batoto yenye balitangaza kwa mikro, anakuta imebakia ya kununua chaki. Feza iliingia mingi, si uongo, lakini sale ilikula, sono ikakula, na bainvite benye habakulipa tike nabo bakakula. Njo maana ile swali ya "tuliingiza ngapi" muiache, swali ni "kunabakia ngapi", na karibu yote yenye naandika hapa inatoka mu ile swali moja.

Nachagua siku ya michopo juu mutu wa Lubumbashi anaweza kukataa konferanse, anaweza kukataa konseri, lakini michopo, ni kusema nyama ya mbuzi ya kuchoma, na bukari na pilipili siku ya posho (jumamosi), ni ngumu akatae. Na haina haja ya hoteli.

1. Kazi kwanza, fete nyuma

Musianze na tarehe, musianze na DJ. Muanze na kusema: tunataka kufanya nini, fasi gani, inalomba feza ngapi. Kusema tu "kusaidia bayatima" haitoshi, mutu mwenye unamuuzishia tike anataka kitu yenye anaweza kuona na macho. Sema mapupitri 30 ya masomo (shule) fulani ya Katuba. Sema kutengeneza pampu ya forage (kisima ya kuchimba) ya santre ya afya fulani kule Ruashi. Sema miwani ya batoto benye habaone tablo. Mwende pale benyewe mbele ya kutangaza, muongee na direktere ama na infirmie mukubwa, mupime, muhesabu, kisha muende kwa fundi mulete proforma (karatasi ya bei mbele ya kununua) tatu, si moja. Na proforma muikamate mu farde, juu itarudi kazi mara mbili, kwa basponsa na kwa rapore.

Klabu nyingi zinaona haya ya kuchagua kitu kidogo. Rotary yenyewe, ile ya kwanza ya Chicago yenye Paul Harris alianzisha na benzake batatu mu 1905, kazi yake ya kwanza kwa muji mu 1907 ilikuwa kusukuma bakubwa bajenge vyoo vya batu bote. Vyoo! Na ile Fondasyo ya Rotary yenye leo inapiganisha polio dunia nzima, wazo ilitoka kwa Arch Klumph, prezida wa Rotary, mu 1917, na muchango wa kwanza yenye iliingia mu 1918 kutoka kwa klabu ya Kansas City ilikuwa dola 26 na senti 50. Lions nabo, mambo ya macho ilibaingia mu 1925, Helen Keller, mwandishi mwenye alikuwa kipofu, alisimama mbele yao kule Ohio akabalomba bakuwe bapiganaji ba vipofu, na mpaka leo ukikuta klabu ya Lions iko na kampeni, mara mingi ni ya macho. Kazi moja, inaeleweka, inarudiliwa kila mwaka. Njo vile batu banakumbukaka klabu.

2. Makaratasi

Hapa napita mbio. Kama klabu ni ASBL (shirika yenye haitafute faida), sheria yenu ni ile nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, mupige kopi za makaratasi muziweke mu farde, kila kampuni kubwa itazilomba mbele ya kutoa hata chupa ya maji. Kama mutafanya inje ama mutatembea mu barabara, Katiba mu artikle ya 26 inasema muandike barua ya kujulisha mukubwa wa utawala. Peleka barua kwa komini, kwa burgumesta, kopi kwa polisi, na kopi yenu bapige muhuri na tarehe. Ile kopi ya muhuri muitembeze siku ya fete, asikae nayo prezida mu koti yake, akae nayo mutu wa mulangoni, juu mutu wa serivisi fulani akifika na kaye mu mukono anaanziaka mulangoni. Tombola, ni kusema kuuzisha tike za nambari na kutoa zawadi kwa bahati, iko na mambo ya loteri ndani, muulize mapema mbele ya kuchapisha tike. Na kama kuko muziki, muongee na SOCODA ya haki za batunzi mapema, ni bora kuliko bawakute nyama iko ku moto.

3. Tarehe

Kutoka Novemba mpaka Machi muachane na mambo ya inje, mvua ya hapa haina adabu. Mu mwezi wa sita na wa saba kuko baridi, muchana ni sawa lakini jua ikiinama tu batu banatafuta makoti na funguo za gari, na kama tombola yenu mulipangia usiku mutavutia viti. Septemba ni mwezi wa masomo kuanza, muzazi amemaliza kulipa yuniforme na makaye, musimuombe dola 10 ya nyama. Basi kunabakia Aprili, Mei, Agosti na Oktoba, na mie nachagua Mei, nitasema juu ya nini.

Mu Rotary na mu Lions mwaka unaanzaka tarehe 1 Julai, mu Kiwanis tarehe 1 Oktoba. Mukifanya fete karibu na ile tarehe 1 Julai, komite ya zamani iko navua kola, ile ya mupya haijayua hata nani ako na kitabu ya banki, na hesabu inapotea katikati ya bale babili bila mutu kuiba hata franga moja. Mukifanya mu Mei, bale benye balipanga njo benye batatoa hesabu, na bale benye banakuja banakuta kila kitu imefungwa.

Mu mwezi wenyewe, muchukue posho yenye inafuata mishahara. Na muangalie kalendari ya Mazembe! Kupanga michopo siku ya mechi kubwa kule Kamalondo ni kujifunga goli. Klabu fulani zenye akili zinafanyaka kinyume, banaleta ekra kubwa banaonyesha mechi palepale, ni wazo nzuri kama mechi iko inje ya muji, lakini mukumbuke umeme.

4. Fasi

Kiwanja ya masomo ama ya paroasi inatosha, yenye iko na ukuta na mulango moja. Mulango moja, nasema, juu mukikuwa na mbili mutahesabu batu mara mbili ama habatahesabiwa kabisa. Vyoo vikuwe na maji. Bei ya tike ifuate fasi: kama munafanya upande wa Golf ama katikati ya muji, batu ba gari batafika na dola 10 haibaumize, lakini munatafuta fasi ya gari na mulinzi. Kama munafanya mu komini ya Kenya ama ya Katuba, muweke tike kwa franga, bei ya chini, sahani ndogo, batu mingi, na muuzishe nyama kwa kipande. Zote mbili zinaleta feza. Yenye haileti ni kuchanganya, tike ya Golf mu kiwanja ya Katuba.

5. Hesabu, na hapa tukae kidogo

Chukueni karatasi. Nambari zenye naweka ni za mufano tu, bei za soko mutaweka zile za wiki yenu.

Tuseme tike ni dola 10. Sahani moja, ni kusema nyama, bukari, kachumbari, na chupa moja ya kunywa, inawagharimu dola 5. Basi kila tike inabakisha 5. Lakini kuko gharama zingine zenye hazijali kama batu balikuja 20 ama 200: viti, hema, sono, mazutu ya jeneratere, kuchapisha tike, bale ba usafi. Tuseme zote pamoja ni dola 400. Gawanya 400 kwa 5, unapata 80. Maana yake batu 80 ba kwanza benye banaingia banalipa viti na sono, masomo ya Katuba haijapata hata franga moja. Inaanza kupata kwa mutu wa 81. Mukiuzisha tike 100, masomo inapata dola 100. Mukiuzisha 200, inapata 600. Ona vile: tike zimekuwa mara mbili, feza ya kazi imekuwa mara sita. Njo juu ya ile klabu yenye inaacha kuuzisha wiki ya mwisho kwa kusema "tumefika mia, inatosha" inajipotezea yenyewe.

Sasa muhesabu ba bure. Bainvite ba heshima 30, kila mumoja anakula dola 5 ya nyama na bia ya klabu, ni dola 150. Mu ile mufano ya tike 100, bale 30 bamekula dola 100 yote ya masomo kisha bakawaachia deni ya 50. Sisemi musiite bakubwa. Nasema kila tike ya bure ikuwe na jina ya memba mwenye ataigharamia, na mutaona vile liste ya heshima inapungua yenyewe bila kugombana.

Na sasa mugeuze. Kama papa fulani anawaazima hema na viti, mwingine analeta sono, mwingine anatoa mazutu, na ile 400 inashuka inakuwa 50, basi zile tike 100 zinabakisha dola 450. Haukuongeza hata mutu mumoja mulangoni. Hii njo siri ya yote, na ni kwa hiyo sura yenye inafuata iko ya basponsa.

6. Basponsa, na mambo ya promese

Usiende kwa mukubwa wa kampuni kulomba "muchango". Enda ulombe kitu: viti 150 kwa siku moja, lita fulani za mazutu, kartoni za maji, mufuko wa unga ya tombola, kopi na afishi. Mutu wa duka ao wa kampuni anaweza kukosa feza ya kutoa lakini ako na kitu mu depo. Barua ikuwe ya ukurasa moja: kazi ni hii, proforma hii hapa, siku ni hii, tunalomba hii, jina yenu itakuwa fasi hii. Basi. Barua ya kurasa tatu yenye inaanza na historia ya klabu tangu Chicago, sekretere anaiweka chini ya zingine. Na huyo mama sekretere mumuheshimu, mumusalimie na jina yake, mumuulize mumupigie simu siku gani, juu yeye njo anapangaka barua gani inakuwa juu. Muende babili, mutu mumoja mwenye anajulikana pale na mumoja mwenye ako na makaratasi, na muende wiki sita mbele, kampuni za mine hasa zinachelewaka juu barua inapanda inashuka.

Kwa bafundi ba sanaa muende na adabu ingine. Hapa kwetu tuko na bale benye banapigaka shaba, bale ba malakite, bale banachora, na klabu nyingi zinapenda kubaendea kulomba tablo ya bure ya kuuzisha ku mnada. Mutu anakula na mikono yake. Mununue kwa bei ya fundi, ao mukubaliane akamate nusu ya bei yenye itafika ku mnada. Kampuni kubwa itoe bure, fundi wa avenyi hapana.

Sasa promese. Tunajuana. Fete iko moto, muziki imepanda, mukubwa fulani anachukua mikro anasema "mie natoa mapupitri 50!", batu banapiga makofi, mpiga picha anafanya kazi yake, na mwaka unaisha. Rotary na Lions haziko za siasa, na mwaka wa uchaguzi hii mambo inakuwa mbaya zaidi. Fanyeni hivi: kuko kaye moja, trezorie anaandika safu mbili, yenye imeingia na yenye imesemwa. Kwa mikro munatangaza tu yenye imeingia. Mutu akitoa promese, kijana wa protokole anamufikia palepale na fomu ndogo ya jina, simu na tarehe, na anamuuliza kwa upole, "Papa, tupitie ku ofisi siku gani?" Bengine balipaka palepale, haya inabashika.

7. Tike

Kama kuko kitu moja yenye naweza kuwalomba musiifanye mbio, ni hii.

Tike ichapishwe na nambari fasi mbili, ku tike yenyewe na ku kipande yenye inabakia mu karne (kitabu kidogo ya tike). Karne moja ikuwe na tike 10. Trezorie anakuwa na liste: karne ya tike 1 mpaka 10 imechukuliwa na nani, siku gani, na yule anatia sinyatire. Kisha mambo ni rahisi sana: siku ya mwisho memba anarudisha karne yake, na kwa kila tike yenye haiko, kuko dola 10. Kama tike haiko na dola haiko, ni yeye njo amenunua. Hii sheria muipitishe mu mukutano mbele ya kugawa, si nyuma, na musiiache kwa prezida wala kwa yaya yeyote mwenye banaogopa kumuuliza.

Kila mukutano wa wiki, dakika tano, trezorie asome majina na hesabu. Tena kwa sauti. Ile kusoma tu inauzisha tike kuliko hotuba, mutu hapende kusikia jina yake na sifuri nyuma yake.

Mulangoni hakuna "andika jina yangu nitalipa". Hakuna.

Feza yenyewe: mutangaze taux ya siku (dola moja ni franga ngapi) mapema, iandikwe ku tike ama ku karatasi mulangoni, juu kama haiko mutabishana na kila mutu wa kulipa kwa franga. Mutu wa kese ajue kuangalia dola, ile yenye imepasuka kidogo kando ama yenye iko na wino, musiikamate, juu kesho hakuna mutu ataipokea kwenu na hasara inakuwa ya masomo. Kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, mupate laini ya klabu, si simu ya trezorie yenye iko na feza yake ya nyumba ndani, na mesaje zote za kuingia zipigwe picha kila jioni. Gharama ya kutoa feza nayo muiweke mu budje, ni kidogo kidogo lakini ikijumlishwa inaonekana.

8. Siku yenyewe

Mbuzi zinunuliwe siku mbili mbele, na mutu mwenye anajua, si kijana mwenye ako na gari tu. Achinje Muislamu, vile batu bote banaweza kula bila kuuliza. Na muweke kuku kidogo kando, juu kuko batu benye mbuzi ni muziro kwao.

Makala ikauke. Mufuko yenye ilinyeshewa inatoa moshi na haitoe moto, mutajua hiyo kitu na midi batu bameshakaa na sahani mitupu. Moto iwashwe masaa mbili mbele ya mutu wa kwanza kula, majiko mbili, moja inachoma, ingine inakamata joto ya yenye imeiva. Nyama ikatwe vipande sawa, na hapa muweke kilo ya kupimia palepale ku meza ya kukatia. Batu banacheka, banasema klabu ya bachoyo. Lakini bila kilo, mutu wa jiko anapakulia marafiki na bale ba kwanza mikono wazi, na ikifika 15h00 bale benye balilipa dola 10 sawasawa na bengine banapewa mifupa na kachumbari, nao njo batasema muji muzima. Kwa bukari, bamama bapike kidogo kidogo, tungi mupya kila nusu saa, bukari ya baridi haiendi na michopo. Maji ya kunawa na sabuni mulangoni na karibu na jiko, hiyo haiko na majadiliano.

Kese ni moja. Mutu analipa pale, anapewa jeto, anaenda na jeto kwa nyama ama kwa kinywaji. Mutu wa jiko asishike feza, mutu wa bia asishike feza, hata kama ni mama mukubwa wa klabu mwenye tunamuamini bote. Ni kwa kumulinda pia, juu feza ikipotea kwa mutu mwenye hakuishika hakuna mwenye atamuangalia vibaya. Mwisho wa siku munahesabu jeto zenye zilirudi kwa bia na chupa zenye zilitoka, zifanane.

SNEL (kampuni ya umeme) inaweza kukata, munajua, basi jeneratere ikuwe pale tangu asubui na ijaribiwe na sono yenyewe, si na ampule moja.

Muandike ku tike 11h30 kama munataka batu ba 13h00.

Hotuba: moja, dakika tano, na asiongee prezida, aongee direktere wa masomo ama ule infirmie. Yeye njo anajua vile batoto 3 banakaa ku pupitri ya babili. Prezida aseme karibu na aksanti.

Tombola ichezwe bado jua iko, 16h00 ni vizuri, na mbele yake bavijana ba Leo ama ba Rotaract bapite mu meza na karne bauzishe ya mwisho, bavijana banauzishaka kuliko sisi benye mvi. Zawadi za kubeba nyumbani njo zinavuta: mufuko wa unga, mafuta, simu, mbuzi muzima mwenye anasimama pale na kamba mu shingo batu banamuona tangu asubui. Vipande viwekwe mu ndoo yenye inaonekana ndani, mutoto atoe, nambari isomwe mara tatu, na zawadi itoke tu kwa mwenye ako na tike. Mambo mbili za kukamata: tike zenye hazikuuzishwa zisiingie mu ndoo hata moja, kama sivyo klabu itajishindia mbuzi yake yenyewe. Na memba wa komite akishinda zawadi kubwa, airudishe ichezwe tena mbele ya batu bote. Sheria haisemi hivyo, ni mimi nasema, juu hakuna mutu ataamini ilikuwa bahati.

9. Usiku uleule

Musiseme tutahesabu kesho. Batu batatu, mulango wa ofisi imefungwa, banahesabu mara mbili: dola, franga, mesaje za simu, kila moja na mustari wake. Banaandika, banatia sinyatire bote batatu, picha ya karatasi inaenda mu grupu ya WhatsApp ya klabu ile usiku. Siku ya kwanza ya kazi feza inaenda banki nzima nzima. Si kutoa kwanza ya taxi, si kutoa kwanza ya kulipa DJ, inaingia yote kisha inatoka na karatasi.

Lions bako na sheria moja yenye klabu zote zingepaswa kuiga: konti mbili. Moja ya uendeshaji, munaweka kotizasyo za bamemba, inalipa chakula ya mikutano na kola na safari. Ingine ya feza yenye batu ba inje balitoa, na ile inarudi kwa batu tu. Feza ya michopo haiwezi kulipa tiketi ya ndege ya prezida kwenda konferanse ya distrikti, hata kama "tutarudisha". Kama banki yenu inafanya ngumu ya kufungua konti ya pili, basi vitabu vikuwe viwili.

Mu wiki moja, barua ya aksanti kwa kila mutu mwenye alitoa kitu, hata yule wa kartoni moja ya maji, na ndani yake hesabu ya wazi: iliingia hii, gharama hii, ilibakia hii, mapupitri ni haya, yataingia masomo tarehe hii. Si picha ya batu banashika sheki kubwa ya kartoni. Ile karatasi njo inarudisha basponsa mwaka ujao, nimeona kampuni yenye ilikataa klabu ingine kisha ikatoa mara mbili kwa klabu yenye ilileta hesabu.

Mapupitri yakifika, muchore nambari chini ya kila moja, direktere na komite ya bazazi batie sinyatire ya kupokea, na mwende tena kisha miezi mitatu kuangalia kama yako yote na kama misumari inashika. Kama kazi ilikuwa pampu, muandike tangu mwanzo nani anakamata ufunguo, nani anaita fundi, na bei gani kila familia inatoa ya matengenezo, kama sivyo mutarudi kutengeneza ileile pampu.

Kunabakia vitu vidogo vya wiki ile: makreti na machupa mitupu zirudishwe kwa depo mupate feza yenu ya dhamana, viti vihesabiwe mbele ya mwenye, kiwanja kifagiliwe posho ile ile na si yenga asubui batu ba misa bakiingia. Karne zenye hazikuuzishwa zikatwe kona, ziingie mu farde pamoja na proforma, kopi ya muhuri ya komini, liste ya sinyatire na karatasi ya kuhesabu, na farde apewe trezorie mupya mu mukono yake mbele ya tarehe 1 Julai.